Kwenye Boti Hakuna Chumba cha Kununia

Fungate yetu ilichelewa miaka miwili. Kazi, kodi ya nyumba, msiba huku, harusi ya shemeji kule, mnajua wenyewe. Kwa hiyo bosi wangu aliponiazima boti yake ya tanga, futi 24, kwa siku sita za mwezi Agosti, sikusubiri aseme mara ya pili. Kuendesha boti hizo nilijifunza Msasani. Mume wangu alikuwa akinisindikiza tu, anakaa ufukweni analinda mifuko.

Dar hadi Mji Mkongwe ni kama maili 40 za baharini. Agosti ni msimu wa kusi, upepo unakusukuma, raha mustarehe. Raha kwangu mimi! Mwenzangu alianza kutapika tukiwa bado tunaiona Mbudya.

Kesho yake tukapanda hadi Tumbatu. Tulitia nanga saa kumi jioni, maji yamejaa, mita tatu chini yetu. Mwezi mpevu ukachomoza, tukapigana picha. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mwezi mpevu maana yake bamvua, na bamvua ya pwani yetu maji hupanda na kushuka hata mita nne. Saa tatu usiku tukagusa mchanga. Saa nne boti imelala ubavu, wali umemwagika kitandani, choo cha pampu hakivuti maji, tumebaki na ndoo.

"Hukuangalia ratiba ya maji?" nikamfokea.

"Kwani nahodha nani?"

Tukanuniana. Sasa jaribu kununa ndani ya kichumba kilicholala upande, kila mkijigeuza mnateleza mnakutana pale pale! Saa saba maji yakarudi, boti ikasimama yenyewe. Sisi bado hatusemeshani.

Asubuhi kimtumbwi chetu cha mpira kilikuwa kinaelea mita thelathini hivi, kinajiendea zake. Fundo alifunga yeye.

"Ruka basi ukifuate," nikamwambia.

Hakuruka. Alishika mlingoti, akaangalia miguu yake. "Sijui kuogelea."

Jamani! Uchumba miaka mitatu, ndoa miwili, Kigamboni na Bagamoyo zote zile, kumbe mifuko ilikuwa na sababu. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Siku mbili nzima nilikuwa namtuma mbele, kwenye mawimbi, akashushe tanga. Bila jaketi la kuokolea, maana mimi ndiye niliyesema yanabana na yanaharibu picha. Na boti ya tanga haina breki; mpaka uigeuze umrudie aliyeanguka, ni dakika kadhaa.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana ulipopewa boti."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mzee mmoja wa ngalawa ndiye aliyetuletea kimtumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Fundo hili la kufungia mbuzi, tena mbuzi mpole." Akapanda, akamfundisha jingine, akalirudiarudia hadi mume wangu akaliweza bila kutazama.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kubisha, kusi usoni, chumvi mpaka kwenye chai. Tulivaa majaketi saa zote, naye amejifunga kamba kiunoni iliyoshikizwa kwenye boti. Fundo nililikagua mwenyewe.

Siku hizi kila Jumamosi asubuhi yuko bwawani na watoto wa darasa la tatu, anapiga miguu ameshika ukingo. Mimi nakaa pembeni, nalinda mifuko.