Michezo ya Kujenga: Je, Kuna Umri wa Kuiacha?

Likizo inapofika, nyua nyingi hapa nchini hugeuka karakana. Kuna magari ya waya yenye usukani mrefu, mabasi ya makatoni, nyumba za udongo na vigari vya mbao vinavyobingirika kwa beringi kuukuu. Wanaoviunda si watoto wa chekechea peke yao. Mara nyingi fundi mkuu ni kijana wa miaka 12 au 13, na huyo ndiye anayeambiwa na wakubwa, "Wewe sasa ni mkubwa, achana na mambo ya watoto."

Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Mzazi anawaza masomo, kazi za nyumbani na macho ya majirani. Lakini je, ni kweli kwamba mtoto hufika umri ambao kujenga kwa mchezo hakumfai tena?

Jibu fupi ni hapana. Hamu ya kujenga haina umri wa kuisha. Kinachobadilika ni kitu anachojenga mtu na sababu ya kukijenga. Kinachokatwa, mara nyingi, ni ruhusa. Na ruhusa hiyo ina uzito leo, kwa sababu mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 hutakiwa kuchagua mkondo atakaofuata katika shule ya sekondari ya juu. Aliyekatazwa kushika waya na koleo akiwa Gredi ya 6 anaweza kufanya uchaguzi huo bila kujua mikono yake inaweza nini.

Mchezo hubadilika sura

Mtoto wa miaka 3 hupanga vibao ili avibomoe. Wa miaka 4 huweka kibao juu ya kingine na kusema, "Hii ni matatu," hata kama haina gurudumu moja. Wa miaka 8 hatakubali: matatu lazima iwe na mlango, madirisha na kariya juu. Wa miaka 13 ameshavuka hapo. Anataka magurudumu ya mbele yakate kona usukani ukizungushwa, na yakigoma atakaa chini ya mwembe mpaka jioni akitafuta sababu.

Anayemtazama kwa mbali huona mtoto anayecheza na gari. Kumbe kijana huyo anapambana na ekseli, uzito na msuguano, mambo ambayo mwalimu wa sayansi atayaandika ubaoni baadaye.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza jinsi fikra za watoto zinavyokua, aliipa michezo ya kujenga nafasi yake ya pekee. Alieleza kwamba michezo ya kuigiza, kama ile ya kalongolongo, hupungua mtoto anapokua, na michezo yenye kanuni hushika nafasi yake. Michezo ya kujenga yeye aliiweka katikati, kati ya mchezo na kazi ya akili. Ndiyo maana ni vigumu kuonyesha siku inapokoma. Huingia kazini polepole, bila kuaga.

Watu wazima ambao hawakuacha

Mwaka 1901, Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, alisajili hataza ya seti ya vipande vya chuma vyenye matundu, vinavyofungwa kwa skrubu na nati. Alikuwa amevitengenezea wanawe. Seti hiyo ilikuja kuitwa Meccano. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mwaka 1934, Profesa Douglas Hartree wa Chuo Kikuu cha Manchester na mwanafunzi wake Arthur Porter walitumia vipande vya Meccano kuunda mashine ya kutatua hesabu ngumu. Walitaka kujaribu wazo lao kwa gharama ndogo kabla ya kuomba mashine kubwa. Jaribio lilifaulu, na mashine kubwa ikajengwa.

Kampuni ya LEGO ya Denmark ilianza mwaka 1932 katika karakana ya seremala, na tofali lake la plastiki la kuchomekana lilipata hataza kwa umbo lake la sasa mwaka 1958. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilianza kuuza seti zenye alama ya umri wa miaka 18 na zaidi. Alama hiyo haikuwekwa kwa sababu ya hatari. Iliwekwa kwa sababu wanunuzi watu wazima wapo, na wanataka kazi ya kuwatoa jasho.

Si lazima kwenda Ulaya kuona jambo hili. Nchini Malawi, William Kamkwamba alikuwa na umri wa miaka 14 alipoanza kuunda kinu cha upepo kijijini kwao, baada ya kuacha sekondari kwa kukosa karo wakati wa njaa. Alianza na kielelezo kidogo chenye mota ya redio. Kisha akajenga mnara kwa miti, akatumia fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, na nyumba yao ikapata taa. Alipokuwa akiokota vyuma jalalani, wapo waliomwona kama aliyerukwa na akili.

Huko Lamu, mashua ndogo ya mbao yenye tanga ni kitu cha kuchezea ikiwa mkononi mwa mtoto. Ikitoka mkononi mwa fundi mzima, ni bidhaa inayouzwa. Mbao ni zilezile na mbinu ni zilezile.

Faida yake ni ipi?

Anayejenga hujizoeza kuona umbo akilini kabla halijawa mbele yake. Fundi wa nguo hutumia uwezo huo anapokata kitambaa huku tayari analiona gauni. Seremala huutumia anapojua ubao utakaa vipi kabla ya kuupiga msumeno. Daktari wa upasuaji, fundi bomba na mchora ramani nao huuhitaji kila siku.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na David Uttal, walichapisha uchambuzi wa tafiti 217 kuhusu mafunzo ya uwezo huo. Waligundua kwamba unaweza kuongezwa kwa mazoezi, na kwamba mazoezi huwafaa watoto na watu wazima, wa kike na wa kiume. Kwa maneno mengine, dirisha halifungwi mtoto anapomaliza chekechea.

Hata hivyo, si kila anayeunda gari la waya atakuwa mhandisi. Wapo pia watoto wanaoacha kwa hiari yao kwa sababu wamependa mpira, nyimbo au vitabu, na hao hawana haja ya kulazimishwa. Tatizo ni kwa yule anayeacha huku bado anapenda.

Kwa nini wengi huacha mapema

Sababu ya kwanza ni aibu. Kijana akichekwa mara mbili, ya tatu hataonekana na waya mkononi.

Ya pili inawagusa zaidi wasichana. Wengi huitwa jikoni au kutumwa kuchota maji wakati kaka zao bado wako uani wanajenga. Anaponyimwa muda akiwa na miaka 9, asishangaliwe akisema akiwa na miaka 15 kwamba ufundi ni wa wavulana.

Ya tatu ni nafasi. Kazi ya siku tatu hufagiliwa asubuhi moja kwa sababu ilionekana kama takataka.

Ya nne ni bei. Seti za madukani ni ghali kwa familia nyingi, na wazazi hudhani bila hizo hakuna mchezo. Lakini katoni, mabua ya mahindi, ndara zilizokatika, vifuniko vya chupa na udongo hufanya kazi ileile.

Sheria na mfumo wa elimu vinasemaje

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inailinda haki hiyo, na kisheria mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Haki ya kucheza, basi, haiishii madarasa ya chini.

Mtaala wa umilisi pia unaelekea huko. Katika sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, kuna somo la maandalizi ya ufundi, ambapo wanafunzi hujifunza kuchora, kutambua vifaa na kuunda vitu. Kabla ya kuingia Gredi ya 10 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, serikali za kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani, ilhali shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Maana yake ni kwamba kaunti humpokea mtoto anapoanza kupanga vibao, na inaweza kumpokea tena akiwa kijana anayejifunza kuchomelea, useremala au umeme. Kati ya milango hiyo miwili kuna miaka 12 ya masomo. Katika miaka hiyo, kuendelea kwa hamu ya kujenga hutegemea sana nyumbani.

Mzazi anaweza kufanya nini

Tenga mahali. Sanduku moja au gunia la vifaa linatosha. Kazi ambayo haijakamilika iachwe ilipo au ihamishwe kwa uangalifu, na mwenyewe aambiwe.

Panga saa. Masomo na kazi za nyumbani zitangulie, kisha muda wa kujenga uheshimiwe. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa usawa ili msichana naye apate saa yake.

Uliza badala ya kuhukumu. "Kwa nini linavuta upande wa kushoto?" ni swali linalomfanya kijana afikiri. "Utakua lini?" humfanya afiche.

Zingatia usalama. Ncha za waya zikunjwe na kingo za mikebe zigongwe zilale. Watoto wasichome matairi ili wapate waya, kwa kuwa moshi wake una sumu, wala wasitoe waya kwenye ua wa mtu au karibu na nguzo za stima. Betri zisipasuliwe, na betri ndogo za duara ziwekwe mbali na watoto wadogo kwa sababu zikimezwa huunguza koo. Vipande vidogo visifikiwe na mtoto wa chini ya miaka 3. Hakuna kitu cha kuchezea kinachopaswa kuunganishwa na umeme wa nyumba.

Jenga pamoja naye. Stuli iliyolegea mguu, mlango wa banda la kuku au rafu ya vyombo ni kazi za kweli ambazo kijana wa miaka 13 anaweza kusaidia kuzipima na kuzikata. Mzazi asiyejua kazi hizo anaweza kumwomba fundi wa mtaani amruhusu mtoto atazame na kuuliza maswali siku ya mapumziko, mradi asigeuzwe kibarua.

Na mzazi mwenyewe asione haya. Mtu mzima anayeunda kiota cha njiwa, anayerekebisha redio ya zamani au anayechonga mashua ndogo jioni anaendeleza mchezo uleule, na mtoto anayemwona hujifunza kwamba ukubwa haukatazi.

Mkazi anayetaka kujua kozi zinazotolewa katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye anaweza kuuliza chuoni au katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Akienda na kijana wake, kijana abebe kitu alichokiunda. Mwalimu wa ufundi ataona mengi katika gari la waya kuliko katika maelezo ya mdomo.