Je, Wajua? Wimbo wa Matukio na Njaa Zenye Majina

Je, wajua kwamba "We Didn't Start the Fire", wimbo wa Mmarekani Billy Joel uliotoka 1989, hausimulii kisa chochote? Beti zake ni majina ya watu na matukio yanayomiminwa mbio mbio, kuanzia 1949, mwaka aliozaliwa Joel, hadi 1989.

Je, wajua kwamba chanzo chake ni mabishano? Kijana mmoja alimwambia Joel, aliyekuwa akitimiza miaka 40, kwamba utoto wa miaka ya 1950 haukuwa na misukosuko. Joel akamuuliza kuhusu vita vya Korea na mgogoro wa Suez. Ndiyo maana kiitikio kinasema moto wa misukosuko hiyo haukuwashwa na kizazi chake.

Afrika imo. Yumo Nasser wa Misri, wamo Wabelgiji katika Kongo, na wengi huona kwamba pale ugaidi wa angani unapotajwa, inakusudiwa ndege ya Air France iliyotekwa 1976 na kutua Entebbe, Uganda. Njaa ya 1984 iliyoua watu wengi Ethiopia haimo. Mimi naliona hilo kuwa pengo kubwa.

Je, wajua kwamba Ukambani, nchini Kenya, haikuiacha njaa yake ya 1984 ipite bila jina? Wakamba wa Kitui na Makueni wamezipa njaa zao majina tangu zamani, na mzee asiye na cheti cha kuzaliwa hukueleza umri wake kwa kutaja njaa, yaani yua, aliyozaliwa wakati wake. Ngomanisye ni ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyoenea kila upande wakati reli ya Uganda ikijengwa kupitia Kibwezi na Makindu. Nzalukangye ni ya mwaka 1929 hivi. Mwolyo, chakula cha msaada, ni ya miaka ya 1940. Ndeke ni ya 1961, ukame ulipofuatwa na mafuriko, na chakula kikaletwa kwa ndege.

Ile ya 1984 inaitwa Nikwa Ngwete: ninakufa nikiwa nazo mkononi, yaani pesa. Mvua za masika zilikosekana, maghala yakaisha, na mwenye shilingi zake akafika sokoni asipate cha kununua. Serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka nje. Njaa haiwapati wasio na pesa peke yao; Wakamba walilisema hilo kwa maneno mawili, tena wakiwa ndani ya njaa yenyewe. Majina haya yanastahili kufundishwa darasani Wote, Mutomo na Mwingi, sambamba na tarehe za magavana na vita.

Je, wajua kwamba mwaka 2023 bendi ya Fall Out Boy iliuandika upya wimbo wa Joel kwa matukio ya baada ya 1989, lakini haikufuata mpangilio wa miaka?