Siri ya himaya za nyumbu na nyamera Serengeti

Na Mwandishi Wetu, Serengeti

KILA mwaka kati ya Mei na Juni, mvua za masika zinapokoma, makundi ya nyumbu huondoka nyanda za kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kuelekea ukanda wa magharibi na Mto Grumeti, jirani na vijiji vya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara.

Safari hiyo hufahamika kuwa ya kutafuta malisho, lakini ndicho pia kipindi cha nyumbu kupandana.

Wakati huo dume hujitwalia kipande kidogo cha ardhi, hutoa milio mfululizo usiku na mchana na kuwakusanya majike wanaopita. Dume mwingine akivuka mpaka, wawili hao hupiga magoti na kupambana kwa pembe.

Himaya hiyo hudumu kwa saa au siku chache tu. Majike wakisonga mbele, dume huiacha na kuanzisha nyingine.

Majike wengi hushika mimba ndani ya takriban wiki tatu, na baada ya miezi minane hivi huzaa karibu wakati mmoja, hasa Februari. Ndama huwa wengi kuliko simba na fisi wanavyoweza kuwamaliza.

Nyamera naye hutumia hila. Dume husimama juu ya kichuguu ili aonekane na aone mbali.

Jike la nyamera huwa tayari kupandwa kwa takriban siku moja tu kwa mwaka. Utafiti uliofanyika Masai Mara, Kenya, ng'ambo ya mpaka, na kuchapishwa mwaka 2010, ulibaini kuwa jike huyo akitaka kuondoka, dume hukazia macho mbele na kukoroma kama aliyeona simba, ilhali hakuna hatari. Jike husita, na dume hupata nafasi.

Hata hivyo, hila hizo hazifui dafu mbele ya nyaya za majangili. Watafiti walikadiria mwaka 2015 kuwa nyumbu wapatao 97,000 hadi 140,000 huuawa kila mwaka kwa ajili ya kitoweo.

Kuanzia Julai makundi hufika Lamai, upande wa Tarime, majike wengi wakiwa tayari na mimba. Kila jike anayenaswa huko huondoka na ndama wa Februari.