Kupumzika Si Lazima Kusafiri

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, swali linaloulizwa kila penye walimu wawili ni moja tu: "Mnakwenda wapi?" Anayejibu kwamba haendi popote hutazamwa kwa huruma, kana kwamba amekiri ufukara. Imani iliyotuingia ni kuwa likizo ni safari, na kwamba asiyepanda basi wala treni hakupumzika.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Kitenzi "likiza", ambacho kimo katika kamusi za zamani, kina maana ya kumwachisha mtoto ziwa, na pia kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi kwa muda. Likizo basi ni kuachishwa. Neno "pumzika" nalo linatokana na pumzi: anayepumzika ni yule aliyepata nafasi ya kuvuta pumzi. Tulilolipokea kutoka kwa Kiarabu, yaani "faragha", asili yake ni hali ya kuwa tupu, ya kuwa umemaliza shughuli. Katika maneno yote haya matatu hamna nauli wala sanduku. Yanazungumzia kupunguza, kutua na kuacha.

Kisiwa cha Mombasa kinaonyesha vizuri jinsi tulivyoyasahau hayo. Tangu treni mpya ya abiria kutoka Nairobi ianze safari zake mwaka 2017, maelfu ya watu wa bara huteremka kila likizo kuja kupumzika hapa. Huitembelea Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, kisha hupita katika vichochoro vya Mji wa Kale wakizipiga picha roshani na milango ya nakshi. Mwenyeji wa Ndia Kuu au Kibokoni huwatazama wakipita, naye moyoni anawaza atapata wapi fedha ili aondoke hapo akapumzike kwingine.

Mwaka 2023 familia yangu ilikuwa miongoni mwa hao wanaowaza. Tulikusudia kwenda Lamu, lakini karo ya muhula wa tatu ilitangulia mbele ya nauli, tukabaki nyumbani. Shule zilifungwa tarehe 11 Agosti na zilitarajiwa kufunguliwa tarehe 28. Kwa wiki mbili tulikuwa nyumbani sote bila ya yeyote kupumzika. Mimi nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani za kusahihisha. Watoto walikuwa na simu mkononi na televisheni mbele ya macho. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alitoka kwenye ubao wa darasani akaingia jikoni moja kwa moja.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti, karibu saa nne, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya nchi ya Kenya. Msomaji bila shaka anaukumbuka usiku ule. Feni zilisimama, televisheni ikanyamaza, na baada ya muda simu nazo zikaanza kuzimika moja moja. Nyumba za mawe hushika joto, hata wakati wa kusi, na kichochoro kizima kikatoka nje kutafuta upepo. Ulikuwa Mfunguo Tano, na mwezi ulikuwa umepita nusu, ukitoa mwanga wa kutosha mtu kumtambua jirani yake.

Hapo ndipo baraza ilipoifanya kazi iliyojengewa. Asiyelijua jambo hili afahamu kwamba nyumba ya Kiswahili ya mawe haiishii mlangoni. Mbele yake, ubavuni mwa njia, hujengwa kikao cha mawe na chokaa kilichoshikana na ukuta. Jina lake linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutokeza, kujitoa nje uonekane. Na kutoka hapo tukapata kitenzi "barizi", yaani kukaa barazani kwa mazungumzo. Si jambo dogo kwa lugha kuwa na kitenzi kizima cha kazi ya kukaa na kuzungumza. Lugha haitengi neno kwa jambo ambalo wenyewe hawalithamini.

Muuza kahawa alipita na dele lake, maana makaa hayakuhitaji umeme. Watoto, walipoona hakuna la kutazama, walimwendea bibi yao. Naye akaanza: "Kitendawili!" Wakaitikia: "Tega!" Akawatega la nyumba isiyo na mlango, nao wakashindwa kulitambua yai. Basi akadai mji, kama ilivyo ada. Mdogo wao akajibu bila kusita: "Nakupa Lamu!" Bibi akaupokea mji wake, akasema amekwenda Lamu, akasimulia alivyopandishwa mashua, alivyopokewa pwani na alichokula, hata watoto wakabaki vinywa wazi. Safari iliyotushinda nauli ikafanyika palepale, na hakuna aliyebaki nyuma.

Kwa mwalimu wa isimu, usiku ule ulikuwa na somo jingine. Bibi alimwita mjukuu wake kwa Kimvita: "Ndoo hapa!" Mtoto akainuka akaenda kutafuta ndoo ya maji. Watu wakaangua kicheko. Bibi angesema walianza "kuteka", na hapo tena mtoto angedhani kuna kisima. Katika Kimvita, "njoo" ni "ndoo", "cheka" ni "teka", na "macho" ni "mato". Hata jina la barabara yetu, Ndia Kuu, ni "Njia Kuu" kwa Kiswahili cha shuleni. Mtoto huyu hulisoma jina hilo kila siku bila kujua kuwa limebeba lahaja ya bibi yake.

Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na usanifishaji. Bila huo tusingekuwa na vitabu vya pamoja vya kufundishia. Lakini Kimvita ndiyo lahaja aliyotungia Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, na si Kiswahili kilichoharibika. Shule haina nafasi ya kuifundisha, wala mitihani haiiulizi. Chuo chake ni baraza, na mhula wake ni likizo. Likizo ikijazwa shughuli, chuo hicho hufungwa, na wanafunzi wake hawajui hata kwamba wamefukuzwa.

Lakini lililonigusa zaidi si la lugha. Baraza ya nje, kwa desturi ya mji wetu, ni ya wanaume. Wanawake hukaa ndani ama uani. Usiku ule wanawake walitandika mikeka vizingitini, leso mabegani, wakazungumza na majirani wa upande wa pili wa kichochoro. Mke wangu alikaa mikono mapajani. Pasi haikuwaka, jiko la umeme halikuwaka, na gizani hapakuwa na la kuoshwa. Akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Tangu shule zifungwe, leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa."

Kauli hiyo ni fupi, lakini ina uzito. Tunapoisifu likizo ya nyumbani, sharti tuulize ni nani anayelikizwa. Mgeni wa hotelini hupikiwa na kutandikiwa kitanda, na mtu hulipwa kwa kazi hiyo. Nyumbani kazi ileile haitoweki. Humwangukia mtu mmoja, na aghalabu mtu huyo ni mama, dada au binti mkubwa. Familia ambayo wanne wanapumzika kwa kuwa wa tano hapumziki, hiyo haiko likizoni. Imemwongezea mmoja wao zamu.

Sisemi kwamba giza ni neema. La hasha! Usiku uleule wagonjwa walikuwa hospitalini, wafanyabiashara walikuwa na samaki katika majokofu, na wasafiri walikwama uwanja wa ndege wa Nairobi. Hakuna mwenye akili atakayeomba nchi izimike ili yeye apate kupiga soga. Ninalosema ni kwamba ikiwa ilibidi umeme wa taifa ukatike ndipo tukae pamoja, basi kilichokosekana nyumbani mwetu hakikuwa nauli. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulikuwa ndani muda wote, na bado hatukuwa tumeingia.

Walimu wenzangu, jambo hili linatuhusu kikazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 37, ilipiga marufuku masomo ya likizo. Hata hivyo twisheni ziliendelea kwa majina mengine, na mara nyingi wazazi ndio walioziomba. Mtoto akilala vizuri, alichokisoma hukaa akilini. Asiyelala husahau hata alichokikariri. Anayemnyima mtoto likizo kwa ajili ya masomo humnyang'anya sehemu ya masomo yenyewe.

Nanyi wanafunzi, msidanganywe kuwa likizo isiyo na picha za ufukweni imepotea bure. Mketini bibi na babu kwenye mkeka, muwaulize maneno yao, na myaandike. Pumzikeni pasipo kuona haya. Lakini kabla ya kukaa, tazameni jikoni. Ikiwa kuna mtu anayeosha vyombo peke yake, oshani naye, ili atakapotoka barazani atoke kama mtu aliyekwisha maliza kazi. Hiyo ndiyo faragha kwa maana yake ya asili, na haihitaji tikiti.