Mbwa aliyekula sumu ya panya asisubiriwe augue

WENYE mbwa wengi huvuta pumzi ya nafuu wanapomwona mnyama wao akitikisa mkia saa chache baada ya kula sumu ya panya. Humnywesha maziwa, wakamchunguza hadi jioni, na anapoamka asubuhi akibweka kama kawaida husema hatari imepita. Siku ya nne mbwa huyo hukataa chakula. Ya tano hupatikana amekufa.

Kinachowahadaa ni jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi. Nyingi ya sumu za panya zinazouzwa madukani haziunguzi tumbo, bali huharibu damu. Huuzuia mwili kuitumia vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza protini za kugandisha damu. Protini zilizokuwa tayari mwilini huendelea na kazi yake kwa siku kadhaa, ndiposa mbwa huonekana mzima. Zinapokwisha, damu huanza kuvuja ndani kwa ndani, aghalabu kifuani na tumboni.

Hapo ufizi hupauka, mbwa huhema kwa shida, hukohoa au kuchechemea, na kinyesi chake huweza kuwa cheusi. Ni rahisi kudhani kwamba ameshikwa na homa ya kupe.

Ajabu ni kwamba hii ni miongoni mwa sumu chache zilizo na dawa mahsusi. Mbwa akifikishwa kwa daktari wa mifugo katika muda wa saa mbili hivi, anaweza kutapishwa kabla sumu haijaingia mwilini. Akichelewa, hupewa vitamini K1 kila siku, na kwa sumu zilizo kali zaidi tiba hiyo huendelea kwa takriban wiki nne. Anayeikatiza kwa kuona mbwa amechangamka humrejesha hatarini.

Maziwa nayo yamepewa sifa yasiyostahili. Hayaui sumu hii. Kuna sumu nyingine ya panya, fosfidi ya zinki, ambayo hutoa gesi hatari inapokutana na asidi ya tumboni, na chochote kinacholiamsha tumbo kutoa asidi huongeza gesi hiyo. Matapishi yake hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na humdhuru hata binadamu anayeyavuta. Anayembeba mbwa wa aina hiyo garini hana budi kufungua madirisha. Isitoshe, mbwa anayetetemeka akinyweshwa kwa nguvu, maziwa huingia mapafuni.

Hatari kubwa zaidi imo katika vile vipakiti visivyo na lebo vinavyochuuzwa mitaani. Mnunuzi hajui amenunua nini, na huenda ni dawa ya wadudu ya shambani. Carbofuran, iliyojulikana nchini kwa jina Furadan, ilikusudiwa kulinda mimea lakini ikatumiwa kuua simba, hata kampuni ya FMC ya Marekani ikaanza kuiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009. Sumu za jamii hiyo huanza kufanya kazi baada ya dakika chache: mate hububujika, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka. Tiba yake ni atropini, wala si vitamini K1. Daktari asiyeonyeshwa pakiti hulazimika kubahatisha huku muda ukiyoyoma.

Dawa ya kupe ya ng'ombe pia si ya kukisiwa. Amitrazi isipochanganywa na maji ya kutosha humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo, hasa akijilamba. Jikoni, chokoleti, vitunguu na zabibu visiwe makombo ya mbwa.

Katika boma nyingi mbwa hufunguliwa usiku ili alinde, saa ile ile ambayo chambo cha panya huwa kimetandazwa ghalani. Mtego wa kunasa hauna hatari hiyo. Anayeshikilia sumu aiweke ndani ya kisanduku kilichofungwa imara, chenye tundu la kumtosha panya tu, na panya waliokufa wafukiwe kabla mbwa hajawafikia. Vipande vya chambo vihesabiwe jioni na asubuhi. Kikipungua kimoja na haijulikani kilikokwenda, mbwa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, pamoja na pakiti, hata kama anaruka na kucheza.