Maradhi ya Pikapu Kuukuu (Sehemu ya 3): Pango la Amboni Ndani ya Injini

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia dizeli na hewa, yaani vile ambavyo injini hula. Leo tunageukia inachokunywa. Pikapu za Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, ambazo hadi leo zinabeba machungwa ya Muheza, samaki wa Pangani na mboga za Lushoto, hufikishwa gereji kwa malalamiko mengi, lakini hakuna linalomtia mwenye gari hofu kama hili: gari linachemsha. Hukumu huwa imekwisha kuandikwa kabla boneti haijafunguliwa: injini imechoka, hedi imekwisha, umri umefika. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba umri husingiziwa. Injini nyingi katika ukanda wetu huuawa na maji tunayozitia, na tiba mbili tulizozizoea, kuongeza maji ya kisima na kung'oa thamostati, huuharakisha ugonjwa uleule zinaodaiwa kuuponya.

Ushahidi wa kwanza uko ardhini. Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, na chokaa hiyohiyo ya ukanda wetu ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Maji ya mvua yanapopenya udongoni huchukua hewa ya kaboni, yakapata ukali mdogo unaotosha kuyeyusha chokaa. Yanapodondoka kutoka dari ya pango hewa ile hutoroka, na chokaa, ikiwa haina tena cha kuishikilia majini, huganda tone kwa tone hadi ikawa nguzo ya jiwe. Kisima kilichochimbwa katika mawe hayo hutoa maji ya namna hiyohiyo, na kila anayeyachemsha analijua gamba jeupe linalobaki ndani ya birika. Joto huifukuza hewa ya kaboni upesi kuliko pango liwezavyo. Kwa hiyo kazi ambayo Amboni imeifanya kwa maelfu ya miaka, injini ya dizeli huifanya kwa misimu michache, tena hasa pale penye moto mkali, kandokando ya vali na nozeli, ambapo maji yanahitajika kuliko popote.

Gamba hilo ni adui kwa sababu halipitishi joto. Chuma cha kalibu hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko chokaa iliyoganda. Milimita moja ya gamba, kwa hesabu hiyo, ni sawa na kuongeza ukuta wa chuma wenye unene wa sentimita nzima au zaidi kati ya moto na maji. Mtu atauliza: injini na rejeta vinabeba lita kumi hivi tu, chokaa ya maji hayo si haijazi hata kijiko? Ni kweli. Maji yenye gramu 0.3 za chokaa kwa lita, kiwango ambacho kisima cha mawe ya chokaa hukifikia bila shida, yataacha gramu tatu, na jambo litaishia hapo. Lakini pikapu yenye mpira uliopasuka kidogo, inayoongezwa lita moja kila asubuhi, itakuwa imekunywa lita 365 kwa mwaka, zenye zaidi ya gramu 100 za chokaa. Maji yanayotoka kama mvuke huiacha chokaa yao yote ndani. Hata nusu ya kiasi hicho ikiganda, mirija ya rejeta haina pa kuiweka. Dereva anayesafiri na dumu la maji nyuma ya kiti anadhani amebeba akiba. Amebeba machimbo ya chokaa. Na kama kisima kiko karibu na bahari, huja pia chumvi ya kawaida, ambayo haigandi bali huitafuna alumini na kuharakisha kutu ya bloku.

Pingamizi zito hutoka kwa mafundi: thamostati ni ya nchi za baridi, huku pwani inayazuia maji bure, itolewe. Hoja hii ina mvuto, kwa kuwa gari lililokuwa likichemsha kwa thamostati iliyokwama hupoa siku ileile inapong'olewa. Ila kilichoponya hapo ni kuondolewa kwa thamostati mbovu, na nzima ingeponya vilevile. Chombo hiki huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 82 hivi. Mchana wa Tanga, hata wa mwezi Februari, uko mbali sana na joto hilo. Isitoshe, katika injini nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota, thamostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Matokeo yake ni injini iliyo baridi mno katika barabara tambarare ya Pongwe, ambako dizeli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zikalika, kisha inachemsha mlimani inapobanwa na mzigo.

Wapo pia watakaotukumbusha Land Rover za miaka ya 1960 zilizonyweshwa maji ya mto na zikadumu. Kwanza, mto si kisima. Mto Zigi, unaojaza Bwawa la Mabayani na kuupatia mji wa Tanga maji ya bomba, huanzia Usambara Mashariki, kwenye miamba ya kale isiyo ya chokaa. Pili, rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na fundi aliweza kuzifungua akazisafisha mrija kwa mrija. Nyingi zinazouzwa leo ni za alumini na plastiki, zikiziba hutupwa. Tatu, Land Rover zilizokufa haziko barabarani kutoa ushahidi.

Kipimo kizuri cha haya yote ni barabara ya Mombo hadi Lushoto: kilomita zaidi ya 30, na kupanda kwa karibu mita 1,000. Mboga hushuka, saruji hupanda, kwa hiyo mzigo mzito huikuta injini pale inapoteseka, kwenye gia ndogo na upepo haba. Lushoto, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100; kifuniko kizima cha rejeta chenye kipimo cha 0.9 huongeza karibu nyuzi 20 juu ya hapo, na kilicholegea huzipoteza zote. Namna gari linavyochemsha hutaja mkosaji. Likichemsha mlimani tu, shuku rejeta iliyoziba: zima injini, subiri feni isimame, kisha pitisha kiganja kwa tahadhari karibu na uso wa rejeta, na palipo baridi maji hayapiti. Likichemsha kwenye foleni tu, tazama feni na mkanda wake. Likitoa mapovu mfululizo pale linapowashwa asubuhi huku kifuniko kikiwa wazi, au oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo gasketi au hedi iliyopasuka inapoingia mashakani. Kuanza na hedi ni kuanza mwisho wa mnyororo: itachongwa, itafungwa, na gamba lililoipasua litabaki kwenye bloku likiisubiri.

Tiba, basi, huanza kwa kuziba kila tone linalovuja. Kisha mfumo uoshwe kwa asidi nyepesi kama ile ya ndimu, na usuuzwe hadi maji yatoke safi. Mafundi wengine hukataa, wakisema gari lililooshwa huanza kuvuja. Hawasemi uongo, gamba lilikuwa limeziba tundu la kutu, na tundu lililofichwa ni deni, halikufutwa. Baada ya hapo itiwe kulanti halisi iliyochanganywa na maji laini. Anayelalamikia gharama akumbuke kwamba Tanga hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na pipa safi chini ya bati, mvua ya kwanza ikishaosha paa, hutoa maji yasiyo na chokaa bila malipo. Yasitiwe peke yake, maana bila kulanti nayo huleta kutu. Maji ya kuongezea betri yanafaa pia, mradi yasiwe asidi.

Anayetaka kununua pikapu kuukuu huuliza mwaka wa kutengenezwa na kilomita ilizokwenda. Katika pwani hii aulize pia ilikuwa ikiongezwa lita ngapi kwa wiki, na za kisima gani. Jibu hilo ndilo umri wake wa kweli. Sehemu ijayo itahusu oili.