Sauti Yake, Maneno ya Wengine: Kazi ya Mtangazaji wa Habari

Mtangazaji wa habari ni mwanahabari anayewafikishia watu, kwa sauti au kwa sauti na sura, taarifa ambazo mara nyingi zimekusanywa, zimeandikwa na kuhaririwa na wenzake, na kwa sababu hiyo kazi yake ina jambo ambalo mwandishi wa gazeti halipati sana: msikilizaji humwamini au humshuku yeye, ilhali maneno si yake. Nchini Kenya ni vigumu kupata maisha ya kikazi yanayolidhihirisha jambo hilo kuliko ya Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Frere Town, Mombasa, na kujiunga mwaka 1964 na Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali.

Taarifa ya habari ya zama hizo ilianza safari yake mbali na kipaza sauti. Ripoti nyingi zilifika kwenye chumba cha habari zikiwa kwa Kiingereza, zikiwemo za Shirika la Habari la Kenya lililoundwa mwaka 1963, na ilibidi zitafsiriwe kabla ya saa ya kusomwa, kiasi kwamba shilingi 1,250,000 za ripoti zilimfikia msikilizaji zikiwa milioni moja, laki mbili na elfu hamsini. Msomaji makini huipitia taarifa kwa sauti kabla ya kuingia studio, hutia alama ya penseli mahali atakapovuta pumzi, huuliza matamshi ya jina geni, na akishaketi huiweka kando kila karatasi aliyoimaliza bila kuikunja wala kuiburuta, kwa kuwa kipaza sauti hukuza hata mchakacho mdogo. Akiteleza ulimi hujisahihisha papo hapo na kuendelea, tena bila kucheka. Wanaoidhani kazi hii kuwa ni kipaji cha sauti nzuri tu hawajawahi kuisikiliza kwa makini.

Uzito wa sauti hiyo ulionekana Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi, kisha wakamfuata Mbotela nyumbani kwake alfajiri na kumlazimisha, kwa mtutu wa bunduki, kulitangazia taifa kwamba serikali imeondolewa madarakani. Waasi wangeweza kusoma tangazo lao wenyewe, lakini walijua kwamba wananchi wangelisadiki upesi zaidi likitoka katika kinywa walichokizoea. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu kwa serikali, chini ya Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, walikikomboa kituo, na sauti ileile ikatangaza kwamba mapinduzi yamezimwa.

Mtangazaji mwingine huenda angemalizwa na siku moja kama hiyo. Mbotela aliendelea kutangaza kwa miaka mingi, na sababu mojawapo, bila shaka, ni kwamba wasikilizaji hawakumjua kwa taarifa za serikali peke yake: walimsikia akitangaza mpira, na tangu mwaka 1966 walimfuata katika kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichojadili adabu na mwenendo wa watu hadharani, mahali ambapo aliyekuwa akizungumza ni yeye mwenyewe. Alifariki Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84.

Mazingira ya kazi yenyewe yamebadilika sana. Sauti ya Kenya, ambayo tangu mwaka 1989 inaitwa KBC, ilipoteza uhodhi wake, yaani ile hali ya kuwa mtangazaji pekee nchini, televisheni ya KTN ilipoanza mwaka 1990 na redio ya Capital FM ilipofuata mwaka 1996. Kijana anayeingia katika fani hii leo hutarajiwa kwenda mwenyewe kwenye tukio, kurekodi kwa simu, kuhariri sauti na picha kwenye kompyuta, kuandika taarifa yake na mara nyingine kuisoma, hivi kwamba kosa la mwandishi na kosa la msomaji sasa huweza kuwa la mtu mmoja. Naye akitangaza jambo zito, msikilizaji huhamia kwanza stesheni nyingine kuhakikisha kama nako linasemwa vivyo hivyo.